Laki Saba za Dalali: Kuuza Nyumba ya Urithi Tudor

Swali: Assalaam aleikum ami. Marehemu baba alituachia nyumba ya chini Tudor, kiwanja cha futi 50 kwa 100. Tuko watoto watatu: mimi nafundisha Voi, dada yangu ameolewa Kisauni, kaka yuko Marekani. Tumekubaliana kuuza na tunataka milioni 14. Dalali aliyekuja kuiona anataka asilimia 5, yaani shilingi 700,000. Kaka asema tupige picha tuweke mtandaoni tuuze wenyewe. Na jirani wa ukuta mmoja ametuambia yuko tayari kutoa milioni 12 taslimu. Je, kuna haja ya kumlipa dalali pesa zote hizo?

Waaleikum salaam mwanangu. Mola amrehemu mzee wenu.

Nikupe jibu kwanza ndipo nieleze. Kwa nyumba kama hiyo, na nyinyi mkiwa mmetawanyika hivyo, wakala wa nyumba mlipeni. Lakini asilimia 5 msiikubali, asiye na usajili msimkubali, na ufunguo msimkabidhi mtu yeyote mpaka mjue hati iko kwa jina la nani.

Hili la hati nimelitanguliza kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi za urithi hapa Mombasa hukwama. Ndugu kukubaliana ni jambo la heri, ila makubaliano yenu hayahamishi umiliki. Kama hati bado ina jina la baba, wa kutia sahihi ni msimamizi wa mirathi aliyetambuliwa na mahakama. Waislamu wengi hapa huanzia Mahakama ya Kadhi. Wasio Waislamu huenda mahakama za kawaida. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, yakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla usimamizi haujathibitishwa. Dalali hatakwambia haya siku ya kwanza. Atawaleta watu, watu watapenda nyumba, mtaanza kugawana pesa vichwani mwenu, kisha wakili wa mnunuzi aulize karatasi ya mahakama. Mnunuzi mwenye pesa tayari hangoji miezi sita. Huenda zake Bamburi akanunua kwingine.

Kuna jambo la wakati pia, na hili ulizeni wakili wiki hii hii. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya kuuza mali ni asilimia 15 ya faida, na anayeilipa ni muuzaji. Lakini sheria yasamehe ardhi inayouzwa katika kusimamia mirathi ikiwa mauzo yamekamilika ndani ya miaka miwili tangu marehemu kufariki, na Kamishna wa kodi aweza kuongeza muda huo. Hukuniambia baba alifariki lini. Ikiwa mko ndani ya miaka miwili, mwezi mnaoupoteza kwa wakala mzembe, au kwa kujaribu wenyewe bila mpango, waweza kuwagharimu zaidi ya hizo laki saba.

Sasa tuje kwa dalali.

Watu wengi hudhani asilimia ya dalali ni ujira wa kuleta mnunuzi. Zamani za mabarazani ilikuwa hivyo, dalali ndiye aliyejua nani ana nyumba na nani ana pesa. Leo simu yaleta wanunuzi, na hapo kaka yenu hajakosea. Mkiweka picha leo, kesho simu zitalia. Ila simu nyingi kati ya hizo zitakuwa za madalali wengine, wanaotaka kuichukua nyumba yenu wakaipeleke kwa wateja wao. Wanunuzi wenyewe watakuwa wachache, na wa kuwatenganisha na wengine ni nani? Wewe uko darasani Voi mpaka saa kumi.

Ninachokilipia mimi kwa wakala ni kitu kingine: mtu wa kukaa kati yangu na mnunuzi wakati wa kupatana bei. Hilo nimelijifunza kwa uchungu.

Shangazi yangu aliuza nyumba yake Majengo mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale sebuleni. Nilikuwa tayari nafanya kazi ya uthamini, lakini yeye ni mkubwa wangu na nyumba ni yake, nikanyamaza. Mnunuzi alikuja Jumapili alasiri. Shangazi akamtengea chai na mahamri. Yule bwana akanywa, akasifu, akainuka akaanza kutembea. Alipofika ukuta wa uani akatoa ufunguo wa gari akakwaruza lipu kidogo, chumvi ikamwagika kama unga. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zote zina chumvi, ni jambo la kawaida linalotibika. Shangazi, kwa usafi wa moyo wake, akasema, "Ndiyo mwanangu, mvua za mwezi wa tano ukuta huo hulowa mpaka ndani." Kisha akaongeza kwamba yeye ataka ahamie kwa binti yake Malindi kabla ya Ramadhani. Mnunuzi akarudi kitini, akachukua hamri la pili, akataja bei iliyopungua shilingi milioni moja kamili. Nikamwona shangazi anaangalia sahani. Mtu akila chakula chako nyumbani kwako, ukiwa umelelewa malezi yetu, "hapana" haitoki mdomoni. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu akubarikie." Milioni moja ilikwenda na kikombe cha chai.

Wakala asingesema habari ya Malindi. Asingesema ukuta hulowa mwezi mzima, angesema lipu itabadilishwa kwa kiasi fulani na kiasi hicho kipunguzwe, basi. Na akiambiwa bei mbaya anajibu, "Nitawauliza wenye nyumba," halafu anakaa siku mbili. Siku mbili hizo zina thamani kubwa. Wewe mwenyewe huwezi kuzipata, kwa sababu wewe ndiye mwenye nyumba na umeulizwa ana kwa ana.

Kwenu nyinyi kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye mkataba wowote. Mko watatu. Dada wa Kisauni ndiye atakayefungua mlango na kuzungumza na wageni, kaka atasikia bei kwa simu saa nane za usiku, na wewe utasikia kwa dada. Bei ikishuka, atalaumiwa aliyekuwa pale. Nimeona ndugu hawasalimiani kwa nyumba iliyouzwa kwa haki kabisa, ila mmoja alihisi mwenzake alificha jambo. Wakala anayewaandikia wote watatu ujumbe mmoja, kila ofa iliyoletwa na jina la aliyeileta, anawalindia udugu wenu.

Hayo yote ni ya wakala mwema, na sitaki uende kwa madalali wa mji huu ukiwa na nusu ya habari. Gharama kubwa ya dalali hapa Mombasa mara nyingi haimo kwenye asilimia. Imo kwenye kile wanachokiita kula juu. Unamwambia dalali wataka milioni 14. Yeye kwa mnunuzi anasema 15 na nusu. Mnunuzi akikubali, ile moja na nusu ni yake, na bado anakudai asilimia yako. Wewe waona umepata bei yako, lakini nyumba imekaa sokoni miezi minane kwa sababu kila aliyekuja alikuwa akitajiwa bei usiyoijua. Na dalali huyo humwambia mwenziwe, na mwenziwe naye huongeza juu yake. Nyumba moja huzunguka Nyali mpaka Likoni kwa bei tano. Mnunuzi makini akisikia bei tano za nyumba moja hudhani kuna kasoro kwenye hati, na huachana nayo. Nimewahi kufika ofisi ya wakili siku ya kutia sahihi nikakuta madalali wanne kwenye ngazi, kila mmoja anadai mteja ni wake, na mwenye nyumba, mzee wa watu, ameshika kofia hajui amlipe nani.

Dawa yake ni mkataba wa maandishi na wakala mmoja tu kwa muda maalumu. Mimi huwaambia watu miezi mitatu. Huo ni muda wa kutosha kwa mtu anayefanya kazi, na kwa asiyefanya ni mfupi vya kutosha msifungwe naye. Ndani yake iandikwe bei mnayotangaza, na kwamba bei hiyo hiyo ndiyo atakayotajiwa kila mnunuzi. Iandikwe kwamba hapokei chochote kutoka upande wa mnunuzi bila nyinyi kujua. Iandikwe lini analipwa: mimi hupendelea alipwe salio la nyumba likishaingia kwa wauzaji, wala si siku ya arbuni. Akihitaji wakala mwingine amsaidie, wagawane asilimia ile ile moja.

Na asilimia yenyewe? Mawakala waliosajiliwa kwa nyumba ya bei hiyo mara nyingi huanzia 3. Madalali wa mtaani ndio hutaja 5, kwa kuwa wanajua mtapatana. Asilimia 3 ya milioni 14 ni shilingi 420,000. Uliza kama ushuru wa thamani, VAT, umo ndani, kwa sababu kampuni iliyosajiliwa kwa ushuru huo itaongeza asilimia 16 ya ada yake, ambayo ni 67,200 zaidi. Swali hilo liulizwe mwanzo.

Usajili ni lazima. Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, yasema hakuna ruhusa ya kufanya kazi hii bila kusajiliwa na bodi yake, EARB. Mwombe cheti cha mwaka huu, na jina lililo kwenye cheti liwe la mtu unayezungumza naye. Mtu akikwambia "niko na ofisi ya fulani", ipigie ofisi hiyo simu wewe mwenyewe. Najua kuna madalali wa mtaani waaminifu kuliko wengine wenye vyeti ukutani, nimefanya kazi nao na nawaheshimu. Lakini wa mtaani akikosea huna pa kumshtakia, na aliyesajiliwa ana cha kupoteza.

Tena risiti ya ada yake ina faida. Ikiwa miaka miwili imepita na mtalipa kodi ya faida, ada ya wakala, ya wakili na ya mthamini hukatwa kwenye faida kabla kodi haijahesabiwa. Shilingi 420,000 zenye risiti zapunguza kodi yenu kwa 63,000. Laki saba alizopewa dalali mkononi bila karatasi hazipunguzi hata senti.

Mtu akitaka pesa ya kuonyesha nyumba, au ya "kufungua faili", mwache aende. Na arbuni ya asilimia 10 isipite mikononi mwa wakala hata awe nani. Iende kwa wakili, na wakili wenu asiwe yule yule wa mnunuzi.

Kuhusu bei yenu ya milioni 14, nakuuliza: mmeipata wapi? Mara nyingi ni nyumba ya mtaa wa pili iliyouzwa mwaka juzi, na hiyo nayo mlisikia tu. Kabla ya wakala, mleteni mthamini aliyesajiliwa. Yeye yuko chini ya sheria nyingine, Sura ya 532, na hana haja nyumba iuzwe au isiuzwe, ndiyo maana neno lake naliamini zaidi kuliko la dalali anayetaka kukufurahisha ili umpe kazi. Tudor ina jambo lake. Nyumba ya chini ya zamani pale, watu wa aina mbili huitazama kwa macho tofauti. Familia itahesabu vyumba na kuangalia jikoni. Mjenzi wa fleti hatazami nyumba kabisa, anapima kiwanja, anatazama upana wa barabara na kama mtaa huo unaruhusiwa ghorofa, anakumbuka Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko karibu na wanafunzi wanataka vyumba. Bei za hao wawili zaweza kuachana sana. Wakala mzuri wa Tudor atakwambia kwa dakika kumi nyumba yenu ni ya nani kati yao. Mwulize swali hilo kwa maneno haya haya. Akikujibu "ya yeyote mwenye pesa", mtafute mwingine.

Wakala akumbuke pia kwamba mnunuzi mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4. Kwa milioni 14 ni 560,000 juu ya bei, na mwenye akiba ya 14 tu hawezi kununua nyumba ya 14. Wakala anayelijua hili hawaletei wateja wa kupoteza wakati.

Sasa jirani. Huyu ndiye aliyenifanya niandike kirefu, kwa sababu nyumba ikiwa na mnunuzi mlangoni hesabu yote hubadilika. Mtu akishapatikana na bei ikawa ni ya haki, wakala hana kazi ya kufanya pale. Mthamini na wakili wawatosha, na kumlipa dalali ni kutupa pesa. Lakini milioni 12 kwa nyumba mnayoamini ni 14, na mtu huyo ni wa ukuta mmoja, ambaye kwake kiwanja chenu kina thamani kuliko kwa mtu mwingine yeyote mjini! Akiunganisha viwili atakuwa na futi 100 kwa 100. Anajua hilo. Ndiyo maana amekuja mapema kabla hamjauliza bei popote, na akasema "taslimu" ili msikie uzito wake. Sisemi ni mtu mbaya. Kila mnunuzi hutafuta nafuu, na jirani ana haki ya kuanza.

Fanyeni hivi. Mwambieni kwa adabu kwamba mnashukuru, mirathi inamalizwa, na mtamrudia. Mkishapata wakala, jina la jirani liandikwe kwenye mkataba kwamba akinunua yeye wakala hapati ada kamili. Asilimia moja kwa kazi ya kupatana bei na kufuata karatasi ni haki. Mawakala wengi watakubali wakiambiwa mwanzo, na watakasirika, kwa haki yao, wakiambiwa mwisho. Kisha wakala ndiye aende kwa jirani, akiwa na ripoti ya mthamini mkononi na mnunuzi wa pili nyuma yake. Hesabu yenyewe: wakala akiuza kwa milioni 13 tu na kuchukua asilimia 3, ambayo ni 390,000, mnabakiwa na milioni 12 na laki sita na elfu kumi. Mmempita jirani kwa 610,000 baada ya kumlipa wakala.

Jambo moja hapa nalisisitiza kwa sababu watu wetu hulichukulia kuwa ni ujanja. Wakala akileta mteja, msimzunguke mkamalizana na mteja huyo pembeni ili mwokoe ada. Mahakama humhesabia ada wakala aliyekuwa sababu ya mauzo, na kabla ya mahakama tumefundishwa kumlipa mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Kaka yenu namwelewa. Marekani muuzaji alizoea kutoa asilimia 5 mpaka 6, zikigawanywa kati ya wakala wake na wakala wa mnunuzi, na watu walilalamika miaka mingi mpaka kesi ikafika mahakamani. Tangu Agosti 2024 kanuni za huko zimebadilika, mnunuzi huandikiana na wakala wake mwenyewe kabla ya kuzungushwa kwenye nyumba. Kwa hiyo akisikia asilimia 5 anaona ndiyo dhuluma ile ile. Mwambie huku dalali wa mnunuzi mara nyingi hana mkataba na mtu yeyote, na taarifa za bei za mauzo haziko wazi kama kwao. Huko, katika majimbo mengi, mtu aweza kufungua simu akaona nyumba ya jirani iliuzwa kwa kiasi gani. Hapa habari hiyo iko vichwani mwa watu wachache, na sehemu ya ada ni ya habari hiyo.

Ushauri huu ni wa nyumba yenye hati. Ingekuwa ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi Majengo na Kisauni, ambapo jengo ni lako na ardhi unamlipia mwenye ardhi kila mwezi, ningekwambia mengine kabisa. Huko mnunuzi ni wa mtaa huo huo, idhini ya mwenye ardhi ndiyo kila kitu, na dalali wa mtaa anayejulikana na pande zote ana faida kuliko kampuni ya Nyali.

Kwa hiyo wiki hii jirani msimjibu bei. Dada wa Kisauni atafute hati ya baba, atoe nakala, aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi. Hati nyingi za kwetu pwani zina namba inayoanza kwa herufi CR, iandike kama ilivyo pamoja na namba ya kiwanja. Angalieni mambo matatu kwenye karatasi ya upekuzi: jina la nani, kama kuna deni la benki au zuio la mtu, na kama ni milki ya kudumu au ya kukodi kwa serikali. Ikiwa ni ya kukodi, tazameni miaka iliyobaki, kwa sababu benki haikopeshi mnunuzi kwa muda uliobaki mfupi, na hapo hata bei ya jirani itabidi tuitazame upya. Niandikie mkishaipata, pamoja na tarehe aliyofariki mzee.